Maswali ya Wasomaji: Risasi ya .338 Lapua Magnum, ni ya kuwindia au ya kulengea shabaha?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nina kibali cha kuwinda na natumia bunduki ya .30-06 mpaka sasa, lakini jamaa zangu wananiambia niuze nichukue .338 Lapua Magnum kwa sababu eti inafika kilomita moja na nusu na mnyama haendi popote. Nataka kuwinda pofu na wanyama wakubwa wa aina hiyo kutokea mbali bila kuwasogelea sana maana wanakimbia. Je ni kweli hiyo risasi itanisaidia? – Mwindaji wa .30-06

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kununua.

Jamaa zako hawajakudanganya kuhusu nguvu. .338 Lapua inarusha kichwa (kile kipande kinachoruka) cha kipenyo cha milimita 8.58, na kile cha gramu 16.2 kinatoka mtutuni kwa kasi ya mita kama 900 kwa sekunde, nishati ya jouli 6,600 hivi. Asili yake ni jeshini. Mwaka 1983 kule Marekani walikuwa wanatafuta risasi ya mdunguaji ya masafa marefu, wakachukua ganda (kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti) la .416 Rigby, ile ya Kiingereza ya mwaka 1911 ya kuwindia tembo, wakalifupisha na kulibana shingo ili lishike kichwa chembamba. Sasa shida ikawa ganda lile la zamani lilitengenezwa kwa presha ndogo, na wao walitaka presha kubwa, kwahiyo kitako cha ganda kilikuwa hakihimili. Ndo kampuni ya risasi ya Lapua ya Ufini ikaingia, ikaunda ganda upya, kitako kikawekwa shaba nene na ngumu zaidi, na mwaka 1989 risasi ikasajiliwa rasmi. Kwahiyo damu ya uwindaji ipo lakini mtoto amelelewa kambini.

Haya, umbali. Chukua mita 1,000 tu, achana na hiyo kilomita na nusu. Bunduki iliyorekebishwa kupiga sawa kwenye mita 100, ikifika mita 1,000 risasi imeshadondoka mita kama 8. Hiyo mita 8 si tatizo kubwa kwakweli, inahesabika, ukiwa na darubini nzuri na kipima umbali unazungusha kitufe na unarudi shabahani. Tatizo ni upepo. Upepo wa mita 4 na nusu kwa sekunde, ule wa kutikisa majani na vijiti vidogo tu, unaisukuma risasi pembeni zaidi ya mita moja kwa umbali huo, na eneo la moyo na mapafu la mnyama ni kama sentimita 30 hivi. Yaani ukikosea upepo kwa theluthi moja tu umempiga tumboni. Na upepo unaousikia shavuni mwako sio ule unaovuma bondeni katikati wala ule aliosimama nao mnyama, kunaweza kuwa na pepo tatu tofauti njiani na risasi inapita zote.

Halafu kuna muda. Risasi inachukua kama sekunde moja na nusu kufika mita 1,000. Pofu anayekula majani anapiga hatua muda wowote, hakuambii. Wewe umefyatua ukiwa umelenga bega, yeye amesogea hatua moja, risasi inaingia kwenye utumbo, na hapo ndo unaanza kutafuta damu nyasini mpaka giza linaingia na mnyama anateseka siku nzima au zaidi. Mimi hilo jambo linaniuma sana na ndo maana nalirefusha.

Watu wanapenda kutaja ile rekodi ya mwanajeshi wa Uingereza, Craig Harrison, aliyepiga mita 2,475 kwa .338 Lapua kule Afghanistan Novemba 2009. Ni kweli ilitokea. Ila wanasahau kusema kwamba hali ya hewa ilikuwa shwari, upepo hamna, alikuwa na mwenzake wa kumwangalizia, na walipiga risasi kama tisa kwanza za kutafuta umbali kabla ya kuanza kupata. Mwindaji hana risasi tisa za kujaribia. Ile ya kwanza ndo inayotakiwa iue, na iue haraka.

Kwahiyo ushauri wangu: usiuze .30-06 yako. Kwenye mita 200 mpaka 300, ukiwa na kichwa kizuri cha kuwindia na umeegemea vizuri, pofu anaanguka. Hela ya Lapua nunulia risasi za mazoezi, na jifunze kutambaa na kukaa upande ambao harufu yako haimfikii mnyama. Ukitaka Lapua kwa ajili ya kulenga vyuma vya shabaha kwenye uwanja wa mita 1,000 na kuendelea, hapo nakuunga mkono mia kwa mia, ni raha tupu na utajifunza upepo kuliko popote.

SWALI: Mwandishi, nimeona kwenye jedwali .338 Lapua ina nishati kubwa kuliko .375 H&H, sasa kwanini kwa nyati wanalazimisha .375? Si wanatuonea? – Mpenda namba

JIBU: Jedwali lako liko sahihi. .375 H&H, iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912, inarusha gramu 19.4 kwa mita 770 hivi kwa sekunde, inakuja jouli 5,700 na kitu. Lapua inaipita. Lakini nyati hauliwi na jedwali. Anauliwa na kichwa kinachopita kwenye ngozi nene, misuli na mfupa wa bega bila kupasuka wala kupinda njia, kikafika ndani kikiwa bado na uzito wake. Kichwa cha .375 ni kipana zaidi, ni kizito, kinakwenda taratibu kidogo, na kinapatikana kwa urahisi kikiwa kigumu kabisa kisichopanuka au cha kupanuka kwa kiasi. Vichwa vingi vya Lapua ni vya mashindano, ngozi yao ya chuma ya nje ni nyembamba na vimetengenezwa viruke vizuri hewani tu, vikigonga mfupa hujui vitafanya nini. Nchi nyingi za Afrika zimeweka .375 kuwa kima cha chini kwa wanyama hatari, na naona wako sahihi kabisa, hapo hakuna uonevu.

Kingine, bunduki nyingi za Lapua zina kilo 6 au 7. Nyati akigeuka na kuja kwako kwenye kichaka, hutaki kuwa unanyanyua chuma cha namna hiyo.

SWALI: Nikipiga bunduki yangu ya magnum risasi zinakwenda chini kushoto kila mara, fundi anasema darubini haina shida. – Bega linauma

JIBU: Pole. Unaogopa teke, yaani ule msukumo wa bunduki begani ukifyatua, basi. Mwambie rafiki akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara ile ya mazoezi isiyo na baruti. Siku utakapovuta kifyatulio kwenye ile tupu na mdomo wa mtutu ukachovya chini utajionea mwenyewe. Rudi kwenye bunduki ndogo ya .22 wiki kadhaa, halafu panda polepole. Ukifunga breki ya mtutu, kile kifaa cha mdomoni kinachotoa gesi pembeni, teke litapungua sana ila kelele inaongezeka vibaya mno, vaa kinga ya masikio na wanaokaa pembeni yako nao wavae.

SWALI: Naweza kutumia risasi ya .338 Lapua kwenye bunduki ya .338 Winchester Magnum? Si namba ni ile ile? – Mgeni

JIBU: HAPANA. Kipenyo cha kichwa ndo kinafanana, basi. Ganda la Winchester, ya mwaka 1958, lina urefu wa milimita 63.5 na mkanda kwenye kitako, la Lapua lina milimita 69.2, ni nene zaidi na halina mkanda. Soma maandishi kwenye mtutu, soma yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda, na yakipishana hata neno moja usiipakie.