CDK1 ipo muda wote, mbona seli hazigawanyiki muda wote?

Mdogo wangu, unasema blotu yako (kipimo cha kiasi cha protini) inaonyesha CDK1, kimeng'enya kinachoisukuma seli igawanyike, kwa kiwango kilekile kila saa, na unahofia umeharibu kipimo. Hujaharibu. CDK1 peke yake haifanyi kazi mpaka ishikane na protini mwenzake, saiklini B, na saiklini ndiyo inayopanda na kushuka.

Hata zikishikana, breki bado ipo: kimeng'enya Wee1 hubandika fosfati kwenye tairosini (asidi amino) iliyo nafasi ya 15 ya CDK1, na kazi husimama hadi kimeng'enya kingine, Cdc25, kiibandue. Kwa hiyo pima saiklini B, kisha CDK1 yenye fosfati hiyo. Bafa ya kupasulia seli iwe na vizuizi vya fosfateizi (vimeng'enya vinavyobandua fosfati), na kila kitu kikae kwenye barafu. Ukikosea hapo fosfati itabanduka ndani ya tyubu, nawe utadhani breki haikuwepo.

Tatizo kubwa zaidi ni seli zisizolinganishwa: zipo za kila hatua ya mzunguko wa seli, wastani wake unaficha yote. Kwa HeLa (seli za binadamu zinazokuzwa maabarani), weka thaimidini, inayozisimamisha zinapoanza kunakili DNA, milimola 2 kwa saa 18, osha vizuri, ziache saa 9 bila thaimidini, irudishe kwa saa 17, osha tena. Chukua sampuli kila saa 2. Mgawanyiko huja kwenye saa ya 8 hadi 10 baada ya kuosha huko kwa pili.

Baadaye saiklini B itaanguka ghafla. Hiyo ni APC/C (kundi la protini), ikisaidiwa na protini Cdc20, inaibandika ubikwitini, alama ya kuharibiwa, ili proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini, iisage. Isipoanguka, tazama kwa hadubini: kromosomu moja tu isiyoshikwa na nyuzi zinazozivuta kromosomu inatosha kuizuia APC/C.