Maswali ya Wasomaji: Je, Kupanua Barabara Kutamaliza Kero ya Usafiri Mikindani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Mikindani na kufanya kazi Mtwara mjini, umbali wa kilomita 10 hivi. Hufika kituoni saa 12 asubuhi na bado huchelewa kazini, kwa kuwa daladala haiondoki mpaka ijae, na nauli ya bajaji siimudu kila siku. Malori nayo yameongezeka. Je, barabara ikipanuliwa iwe ya njia nne, tutapona? – Msomaji, Mikindani.

JIBU: Ndugu msomaji, kupanua barabara kutayasaidia malori ya korosho na ya makaa ya mawe ya Ruvuma yanayoelekea bandarini, lakini hakutaiondoa kituoni daladala inayomsubiri abiria wa mwisho, na hapo ndipo asubuhi yako inapopotelea.

Dereva hasubiri kwa ukaidi. Madereva wengi hawana mshahara. Kila jioni hupeleka hesabu, yaani kiasi walichopangiwa, kwa tajiri mwenye gari, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki yao na makonda wao, hivyo kila kiti kitupu ni hasara inayotoka mfukoni mwao. Mwanafunzi, kwa kuwa hulipa nauli pungufu, huumia zaidi. Juma lililopita nilimwona binti mwenye sare, madaftari ameyakumbatia kifuani, akiachwa na magari matatu. Konda wa gari la tatu aliuweka mkono wake mlangoni kama komeo. Jambo hilo liliniuma sana, na siamini kwamba lami mpya ingemfikisha shuleni.

Kinachohitajika kwanza ni ratiba. Wamiliki wa magari ya njia hiyo wakijiunga katika ushirika, wakakusanya mapato ya siku nzima pamoja na kuwalipa madereva mshahara, gari litaweza kuondoka kila baada ya dakika 10 kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, limejaa au halijajaa, kwa sababu hasara ya safari moja itafidiwa na safari nyingine. Bajaji zisifukuzwe, kwani ndizo zinazoingia mitaa ya ndani. Ila zilete abiria kwenye barabara kuu badala ya kushindana na daladala. Kosta yenye viti 27 hubeba abiria wa bajaji tisa, na nafasi inayochukua barabarani ni ndogo kuliko ya bajaji hizo.

Vituo navyo vitengwe pembeni, ili gari linaloshusha abiria lisiyasimamishe malori nyuma yake. Kazi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kujenga njia nne.

Barua ya vituo muipeleke TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, kwa kuwa hiyo ni barabara kuu. Ombi la ratiba lipelekwe LATRA, inayotoa leseni za magari ya abiria, na nakala ifike Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Andikeni mkiwa wengi, pamoja na wazazi wa wanafunzi, na mtaje saa mnazofika kituoni na saa magari yanapoondoka.