Usikimbilie n + 3

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu aliandika ubaoni 4, 7, 10, 13, akataka namba ya nafasi ya 100. Nikaona kila mara inaongezeka 3, nikaandika n + 3 (n ni nafasi ya namba), jibu 103. Nilikuwa wa kwanza kukusanya daftari. Likarudi na alama nyekundu ya mkasi.

Mwezi uliopita mpwa wangu kafanya kosa hilohilo, kwa kujiamini kulekule. Sikumpa kanuni. Nilimwaga njiti za kiberiti mkekani, nikamwambia ajenge vyumba vya mraba vilivyoshikana mstari mmoja. Chumba cha kwanza kilikula njiti 4. Cha pili kilitaka 3 tu, maana ukuta mmoja kimeazima kwa jirani. Cha tatu vilevile.

"Na vyumba 100?"

Akanyamaza. Kisha akagusa njiti ya mwanzo kabisa, kushoto. "Mjomba, hii ndiyo ya ziada. Zingine zote ni tatutatu."

Basi ni 3n + 1. Njiti 301.

Kwa hiyo, kabla ya yote, andika nafasi juu ya kila namba: 1, 2, 3, 4. Kanuni unayoitafuta inaunganisha namba na nafasi yake, wala si namba na jirani yake. Ongezeko lisilobadilika linazidishwa na n; kinachopungua au kuzidi utakiona ukilinganisha na namba ya kwanza.

Ongezeko likibadilika, shuka ngazi moja. Chukua 3, 8, 15, 24, 35. Tofauti zake ni 5, 7, 9, 11, na tofauti za hizo ni 2 tupu. Hapo ujue kuna n². Nusu ya 2 ni 1, kwa hiyo ni n² moja. Toa 1, 4, 9, 16, 25. Zinabaki 2, 4, 6, 8, 10, yaani 2n. Jibu: n² + 2n. (Mwenye jicho kali angeona mapema kwamba kila namba imepungukiwa 1 tu kufika 4, 9, 16, 25, 36. Mimi jicho hilo sina, natoa tu.)

Halafu usiiamini kanuni haraka. Chora duara, weka nukta ukingoni, unganisha kila moja na zingine zote kwa mistari iliyonyooka, ila mistari mitatu isikutane sehemu moja ndani. Nukta 1 hadi 5 zinakupa vipande 1, 2, 4, 8, 16. Nukta 6 je? Nilihesabu mara tatu nikidhani nimeruka kimoja. Ni 31.