Imber: neno moja la mvua kwa mnaoanza Kilatini

Kwenye orodha ya msamiati mtakayopewa mtalikuta imber, na pembeni yake "mvua". Si kosa, ila ukilikariri hivyo tu litakusumbua siku utakapofungua Vergilius, mshairi wa Kirumi.

Kwanza, daftarini liandike imber, imbris, tena uongeze kwamba ni la kiume. Ile e hudondoka neno linapobadilika, kwa hiyo ukikutana na imbrem ukalitafuta hivyo hivyo kwenye kamusi, hulipati. "Ya mvua" kwa wingi ni imbrium, si imbrum. Ukisahau, kumbuka Mare Imbrium, yaani Bahari ya Mvua, lile doa jeusi kubwa la mwezini lililopewa jina na mwanaastronomia Riccioli mwaka 1651. Hakuna hata tone huko, ni uwanda wa lava iliyoganda tu. Safari ya Wamarekani ya Apollo 15 ilitua ukingoni mwake mwaka 1971.

Tuje kwenye maana. Imber ni mvua kubwa, ile ya kumwagika. Kwa manyunyu usilitumie. Mvua kwa jumla ni pluvia, na "mvua inanyesha" ni pluit basi, mvua yenyewe haitajwi.

Kazi iko kwa washairi. Katika kitabu cha 1 cha Aeneis, utenzi wa Vergilius, merikebu za shujaa Aeneas zinaachia mbao na kupokea inimicum imbrem. Wanafunzi hukimbilia "mvua adui". Soma mstari mzima: kinachoingia kwenye nyufa ni maji ya bahari. Lucretius naye, akieleza fikra ya wanaosema kila kitu kimetokana na moto, ardhi, hewa na maji, hayo maji anayaita imber. Kitabu cha 12 cha Aeneis kina ferreus imber, mvua ya chuma, nayo ni mikuki na mishale. Hapo sisi tuna nafuu, maana mvua ya risasi tunaisema kila siku. Kwa Ovidius, mashavu ya Ariadne, binti wa hekaya aliyetelekezwa na mpenzi wake, yanalowa kwa imber. Ukiandika "mvua" hapo, mwalimu atakuuliza paa limevuja wapi. Ni machozi.

Kwa hiyo kabla hujatafsiri, uliza maji yanatoka wapi na yanaangukia nini. Kitenzi cha jirani ndicho kitakachokujibu, mara nyingi kuliko kamusi.

Ukishalizoea, ongeza imbrex, imbricis: kigae kilichopinda ambacho Warumi walifunikia maungio ya vigae bapa ili maji yasipenye. Limezaliwa na imber.