Hilux imenyanyuliwa, tairi kubwa zinakwangua: spesa ya mm 20, 30 au 50?

SWALI: Habari fundi. Nina Hilux Revo, nimeinyanyua inchi 2 mbele na nyuma, nikatoa tairi za 265/65R17 nikafunga 285/70R17 kwenye rimu zilezile ilizokuja nazo. Nikikata usukani hadi mwisho tairi ya mbele inakwangua kwa ndani. Dukani hapa Dodoma mjini nimekuta spesa (zile sahani za kuweka kati ya habu na rimu ili tairi isogee nje) za mm 20, 30 na 50, muuzaji ananiambia nibebe za 50 maana gari itatanuka miguu na haitayumba. Njia yangu kubwa ni Mpwapwa kwenda Kibakwe. Nichukue zipi?

JIBU: Salama mkuu. Za 50 mwachie mwenyewe. Na kabla hujatoa hela ya hizo nyingine naomba kwanza ujue tairi inagusa WAPI, maana "kwa ndani" kuna sehemu tatu tofauti na spesa inatibu moja tu.

Fanya hivi, paka chaki kwenye ubavu wa tairi na kwenye yale meno ya pembeni ya kashata (sehemu ya tairi inayogusa barabara), pande zote, zunguka uwanjani usukani umekatwa mwisho kushoto kisha kulia, halafu piga magoti uangalie chaki imehamia wapi. Ikiwa imehamia kwenye mkono wa juu wa sasipensheni au kwenye chesisi (mara nyingi utaona hata rangi imekwanguka chuma kinang'aa) hapo sawa, tairi inatakiwa isogee nje. Ila kama imehamia kwenye plastiki ya fenda kwa nyuma, au kwenye kona ya bampa, spesa itakuongezea tatizo, kwa sababu tairi ikisogea nje inapokata kona inachora duara kubwa zaidi na hizo plastiki ndio ziko kwenye njia yake. Hapo dawa ni kukata au kusogeza plastiki, na alaimenti. Watu wengi wakishanyanyua gari hawarudi kwenye alaimenti kabisa, wakati Hilux ikinyanyuliwa mbele gurudumu linarudi nyuma kidogo na kubanana na fenda, fundi anayejua anachezea zile bolti za mkono wa chini gurudumu linasogea mbele na unaweza kushangaa kelele imeisha bila spesa yoyote. Kwahiyo alaimenti kwanza.

Sasa tuseme chaki iko kwenye mkono wa juu. Piga hesabu na mimi. 285 imeizidi 265 kwa mm 20 za upana, na kwa kuwa rimu ni ileile hizo 20 zimegawanyika, 10 zimeingia ndani 10 zimetoka nje. Maana yake ulichopoteza ndani ni mm 10 tu, ukijumlisha na urefu wa tairi kuongezeka (kipenyo kimetoka kama mm 776 kwenda 831). Unatafuta nafasi ya unene wa kidole, sio ngumi. Ukifunga 50 tairi yako itakuwa imetoka nje mm 60 kuzidi ilivyokuwa kiwandani, kila upande, itarusha mawe na tope kwenye milango yako na kwenye kioo cha anayekufuata, beringi na boljointi zitabeba mzigo kwa mkono mrefu ambao hazikutengenezewa, na kwenye ile korugesheni usukani utakuwa unakupokonya mikononi. Gari kutanuka miguu kunasaidia kidogo, sikatai, ila hiyo bei ya kulipa ni kubwa.

Utaniuliza basi si nichukue 20, iko karibu na hizo 10? Hapana mkuu, na hapa ndipo watu wanapotezwa. Hizo za 20 nyingi ni sahani tupu yenye matundu, inapita kwenye stadi za gari (zile bolti za habu zinazoshika rimu) halafu rimu juu yake na nati zilezile. Stadi za Hilux ni milimita 12, uzi wa 1.5, ili nati ishike inatakiwa izunguke kwa mkono angalau mara 8 kabla haijakaza. Weka sahani ya 20 hapo uhesabu mwenyewe, haitafika. Nati yenye mizunguko mitatu minne itakaza vizuri tu gereji, itakuja kukuachia kwenye kona za milimani na gari limejaa watu.

Kwahiyo unabaki na 30, ile aina yenye stadi zake yenyewe: unaifunga kwenye habu kwa nati zake, halafu rimu inafungwa kwenye stadi mpya. Hata hiyo usiibebe kichwakichwa. Muuzaji atakwambia tundu sita ni tundu sita, na kweli Ranger na Hilux zote ni 6x139.7 (matundu sita kwenye duara la mm 139.7), lakini tundu la katikati la Hilux ni mm 106 na la Ranger ni 93. Spesa inatakiwa iikamate habu ya gari bila kucheza, na yenyewe iwe na mdomo unaoikamata rimu. Ikicheza, gari litatetemeka ukifika 80 na utabalansi tairi mpaka uchoke. Angalia pia stadi za gari zisitokeze kuzidi uso wa spesa, zikitokeza rimu haikai flati. Uliza alumini gani, inayofaa ni 6061-T6 au 7075-T6, na imegongwa muhuri. Za kuchongewa kutoka alumini ya kuyeyusha masufuria sizifungi hata mteja akinuna.

Ila ukiniuliza kwa hela yangu, ningeuza hizo rimu. Za kiwandani ni ET30 (ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, ikipungua tairi inatoka nje), ukipata za ET15 umesogea nje mm 15 bila kuongeza kiungo chochote cha kulegea. Spesa ya 30 inakufikisha ET0, ni zaidi ya unachohitaji.

Ukiamua spesa, habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kitupu, usipake grisi kwenye stadi, kaza kwa toki renchi kwa namba ya watengenezaji, sio bomba na uzito wa mwili. Ukitembea kama kilomita 100 rudi ukaze tena, na nati za ndani huzioni mpaka uvue tairi, kwahiyo vua zote nne. Mtu wa pancha njiani atakaza za nje tu, za ndani ni kazi yako.

Nyingine, hizo tairi zimekuongezea kama asilimia 7, dashibodi ikisoma 50 unakaribia 54. Pale Kibaigwa utapigwa tochi huku unaapa ulikuwa 50.