Sare safi haitoshi, mpime mwanao

Nilisoma shule ya msingi Muheza miaka ya 1980, na tulikaguliwa namna mbili. Mwalimu wa zamu alipita mstarini akitazama kucha, nywele, meno na kola ya shati. Nesi wa zahanati naye alikuja kwa siku zake, na kucha hazikumshughulisha. Alikuwa akitafuta ugonjwa kwa mtoto anayeonekana mzima. Wazazi wengi wa leo tumeshika ukaguzi wa mwalimu: mtoto akitoka nyumbani amependeza, tunaridhika. Nawasihi tuurudishe na ule wa nesi.

Anza na mkojo, hasa kama mnaishi kwenye eneo lenye kichocho na watoto wanaoga mtoni au bwawani. Nesi wetu alitukimbiza kwanza kuzunguka uwanja, kisha ndipo akagawa vichupa. Alijua kazi yake. Mayai ya minyoo wa kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na kukimbia huyasaidia kutoka. Basi usibebe mkojo wa alfajiri kwenda kupima. Mpeleke mchana, akishacheza. Mwambie pia aangalie matone ya mwisho, maana damu huonekana zaidi hapo. Muulize mkiwa wawili tu, kwa upole. Shuleni kwetu wapo wavulana waliodhani damu ile ni dalili ya kubalehe, na wasichana walionyamaza kwa kuogopa kusemwa. Dawa ipo, prazikwanteli, na mtoto huimeza akiwa ameshakula. Ila akirudi kuoga kwenye maji yaleyale, ataugua tena.

Masikio ni rahisi: simama nyuma yake, mnong'oneze jina la kitu, arudie.

Macho yanataka subira. Nesi alitundika kibao cha herufi E zilizogeuzwa huku na huku, ukasimama mita 6, ukaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Jicho moja kwanza, kisha la pili. Hapo ndipo wengi tunapokosea nyumbani: tunampima kwa macho yote mawili, na jicho zima linalificha bovu. Mzibe moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Akishindwa, usikimbilie kumwomba mwalimu amhamishie dawati la mbele. Mpeleke kliniki ya macho mapema, kwa sababu jicho lililozoea kutotumika hutibika vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo.