Kabla hujachora ramani ya hatari ya matetemeko

Wewe unayeanza kazi hii, najua unatamani kufungua programu na kutoa ramani yenye rangi. Subiri kwanza. Kaa na orodha ya matetemeko ya eneo lako, uisome mstari kwa mstari. Hapo ndipo tathmini nyingi huharibika.

Chukua Tanzania. Ukitegemea rekodi za miaka 50 iliyopita, hutaliona tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, lililokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4 hivi. Ukivuka mpaka kwenda Kenya, utalikosa la Subukia la Januari 1928, lenye ukubwa wa 6.9. Bonde la Ufa hutanuka milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo mpasuko, yaani ufa ambao miamba huteleza kandokando yake, unaweza kunyamaza vizazi na vizazi. Usiuandike kuwa salama kwa sababu hiyo. Waulize wanajiolojia una urefu gani, maana mpasuko mrefu ndio wenye uwezo wa kuzaa tetemeko kubwa.

Halafu kagua orodha imekamilika tangu lini. Zamani vipima mitetemo vilikuwa vichache mno Afrika Mashariki, na matetemeko madogo yalipita bila kuandikwa. Asiyelijua hilo atahesabu kila miaka kumi na kudhani matetemeko yanaongezeka, kumbe vilivyoongezeka ni vipimo. Ondoa mitetemo inayofuata tetemeko kuu, na vipimo vyote uviweke katika kizio kimoja cha ukubwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini usimwachie mtu mwingine: hatua moja ya ukubwa ni nishati mara 32 hivi, na kosa la nusu hatua litakufuata hadi mwisho.

Kagera ikufundishe jambo jingine. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea mbali na mipasuko mikuu ya Bonde la Ufa, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kwa hiyo hata pale pasipo na mpasuko unaojulikana, hesabu yako isiwe sifuri.

Udongo nao usiusahau. Mwaka 1985 jiji la Mexico liliumia vibaya ingawa kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, kwa kuwa sehemu kubwa yake imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale. Nenda uwanjani, pima kasi ya mawimbi ya mtetemo kwenye mita 30 za juu za ardhi.

Ukifika kwa madiwani, usiwaambie mtikisiko unaoonyeshwa kwenye ramani yako huja "kila miaka 475". Watahesabu kuanzia tetemeko la mwisho na kulala usingizi. Waambie kuna uwezekano wa asilimia 10 kwamba mtikisiko huo utafikiwa au kupitwa ndani ya miaka 50, yaani katika umri wa shule wanayotaka kuijenga. Kisha waonyeshe makadirio ya chini na ya juu, si namba moja.